Sifuri Iliyofutika

Saa tatu kasoro robo usiku kitochi kinatetema
juu ya meza ya cherehani, kinasogea upande kama kaa.
"Habari ya jioni, Mwanakombo. Umemeza kidonge leo?
Ndiyo, bonyeza 1. Hapana, bonyeza 2."

Nabonyeza moja.
Kidonge chenyewe kimo kwenye kopo la vifungo
na wenzake kumi na saba,
cheupe kati ya vifungo vyeupe vya mashati ya shule.

"Joto limekujia mara ngapi? Andika namba."
Sifuri.
Mji wetu wanausema: waja leo, waondoka leo.
Joto langu halikusikia msemo huo.
Lilikuja Rajabu, likaomba chumba,
likatandika, likapigilia misumari ya picha zake ukutani.
Linanipanda kifuani, upande uliobaki
na upande ambao haupo,
jasho linadondokea kaki ya kaptula za watu.
"Bi Mwanakombo, ulikuwa unakimbia?"
Nilikuwa nakimbia, namjibu mteja.
Nimekwenda Bombo mbio, nimerudi mbio, pima mwanao kiuno.

"Viungo vinauma?" Sifuri.
(Vidole havifungi mkasi mpaka jua litoke.)
"Unalala vizuri?" Sifuri, yaani hakuna shida.
Halafu lile swali la mwisho, lililoandikwa kwa adabu,
kama mkwe anayekohoa mlangoni:
"Je, unapata ukavu au maumivu katika tendo la ndoa?"

Siku hiyo simu alikuwa nayo Nasoro, mjukuu, darasa la tatu,
anacheza nyoka. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi.
"Bibi, u-ka-vu ni nini?"
Mhina aligeuzia uso redio iliyozimwa.
Ni kiangazi, mwanangu, nikasema. Wanauliza mvua.

Miezi mitatu hivyo,
mpaka kitufe cha sifuri kikafutika rangi,
kikawa na upara.

Usiku mmoja umeme ulikatika Barabara ya Kumi na Nne yote.
Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye saruji, saa nane,
naungua peke yangu kama kibatari.
Ujumbe wa jioni sijaujibu. Taa ndogo ya simu usoni.
Umemeza?
Nikabonyeza mbili.
Kitufe kilikuwa kigumu, hakijazoea kuguswa.
Joto? Tisa.
Viungo? Ndiyo. Usingizi? Unaniona.
Na lile jingine: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Asubuhi simu ikaita. Sauti ya mtu:
"Mimi Tunu, nesi wa Bombo. Mama, sifuri miezi mitatu!
Nilijua. Mwanamke wa sifuri sijamwona bado.
Nilikuwa nakusubiri."

Hakunifokea. Aliuliza joto linakuja saa ngapi,
nikiwa nafanya nini, chai yangu ina nini.
Tangawizi na pilipili manga za jioni, pumzisha.
Khanga mbichi shingoni. Tembea hata kama magoti yanalalamika.
"Ukavu nao una dawa yake. Njoo Alhamisi, uje na mzee.
Lakini kidonge usikiache kimyakimya.
Ukikichukia, njoo ukichukie mbele yetu."

Nilimwaga kopo mkekani, nikamwita Nasoro:
chenye matundu weka kulia, kisicho na matundu weka kushoto.
Akahesabu arobaini na moja.
Hivi havimezwi tena, vinarudi hospitali kwenye bahasha.
Nikafungua pakiti mpya, maji, nikameza.
Hakuna aliyepiga vigelegele. Mhina aliuliza tu,
"Alhamisi saa ngapi?"

Joto halijahama. Limepunguza makelele,
siku nyingine linasahau, siku nyingine linalipiza.

Saa tatu kasoro robo, kitochi kinatembea mezani.
"Joto limekujia mara ngapi?"
Saba, nasema, natafuta kitufe.
"Nane," anasema Mhina, hajageuka, anafunga dirisha.
"Moja ilikujia umelala."